Jiwe na Namba: Mpaka wa Ardhi Unakaa Wapi?

Mpaka wa ardhi una mashahidi wawili: jiwe lililofukiwa ardhini na namba iliyoandikwa kwenye ramani ya upimaji. Wakiafikiana, hakuna anayewauliza lolote. Taabu huanza siku wanapopingana, jiwe likiwa hapa na namba ikielekeza pale, na majirani wawili wamesimama kila mmoja na shahidi wake. Kipi basi ndicho mpaka wenyewe? Mashauri ya namna hii hufika kwenye mabaraza ya ardhi na mahakamani, na hutolewa hukumu. Lakini chini ya shauri la kiwanja pana swali la kifalsafa ambalo wenye hekima wamelihangaikia tangu enzi za Aristotle: mahali ni kitu gani, na mtu asemaye kwamba anajua mahali fulani palipo huwa anajua nini hasa?

Jibu la haraka ni kwamba mpaka ni jiwe. Ndilo linaloonekana, ndilo lililowekwa mbele za watu, na ndilo ambalo mtoto huonyeshwa na baba yake. Jibu hilo linavunjwa na jambo ambalo kila jamii ya wakulima inalijua. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 27, anayeondoa alama ya mpaka wa jirani yake ametajwa miongoni mwa waliolaaniwa. Katika mafundisho ya Mtume Muhammad, mwenye kudhulumu hata shibiri moja ya ardhi anaonywa kwa adhabu nzito Siku ya Kiyama. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga walipanda masale mipakani mwa vihamba, na jani la mmea huohuo ndilo alilopelekewa aliyekosewa ili aombwe msamaha. Kuyang'oa masale ya mpakani kulikuwa kuvunja mpaka na amani kwa mkono mmoja. Makatazo haya yana hoja moja ndani yake. Kama jiwe lingekuwa ndilo mpaka, anayelisogeza hatua tatu usiku angekuwa ameusogeza mpaka, na asubuhi kusingekuwa na dhuluma ya kulalamikia: jiwe lipo, mpaka upo, basi. Kwamba watu wote humwita mtu huyo mwizi ni ushahidi kuwa wanaamini mpaka umebaki pale ulipokuwa, ingawa jiwe limeondoka. Jiwe, kwa hiyo, hushuhudia kitu kingine.

Jibu la pili husema kitu hicho kingine ni namba. Bikoni, yaani jiwe la mpaka, ikihamishwa, mpima ardhi hufungua faili, husoma koordineti zake, husimamisha chombo chake na kuirudisha ilipokuwa. Jibu hili lina nguvu kuliko la kwanza, na limeenea zaidi tangu simu ya mkononi ianze kumwambia kila mtu alipo. Ila namba nayo haijitoshelezi. Koordineti, hata zikiandikwa hadi milimita, hazisemi chochote mpaka ijulikane zimehesabiwa kutoka wapi, kwa kuelekea upande gani, na juu ya umbo gani la dunia. Majibu ya maswali hayo matatu, nchi ikiyakusanya na kuyatangaza kuwa ndiyo yatakayotumika, ndiyo huitwa datumu. Alama za kudumu zilizotawanywa nchi nzima, ambazo koordineti zake katika datumu hiyo zimetafutwa kwa uangalifu mkubwa, ndizo mtandao wa msingi wa upimaji. Mpima ardhi anayegawa viwanja mtaani huanza kazi kutoka kwenye alama hizo na huifungia kwenye alama hizo. Kiwanja huja baadaye.

Jinsi mtandao huo ulivyojengwa inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu falsafa yake imo ndani ya kazi yenyewe. Kabla ya satelaiti, njia kuu ilikuwa pembetatu. Mstari mmoja wa kilomita kadhaa ulichaguliwa kwenye ardhi tambarare na kupimwa kwa utepe, kwa subira kubwa, mara kwenda na mara kurudi. Tepe bora zilikuwa za invari, mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao haurefuki sana kwa joto; aliyeuvumbua mwaka 1896, Charles Édouard Guillaume, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920. Kutoka ncha mbili za mstari huo, wapimaji walielekeza theodolaiti kwenye kilima cha tatu na kusoma pembe. Urefu wa upande mmoja ukijulikana na pembe zikijulikana, pande nyingine mbili hupatikana kwa hesabu, bila mtu kuzitembea kwa utepe. Upande mpya huwa msingi wa pembetatu inayofuata, na hivyo mnyororo ukapanda milima na kuvuka mabonde kwa mamia ya kilomita. Mara nyingi pembe zilisomwa usiku, taa zikiwa zimewashwa vileleni, kwa sababu hewa ya mchana hutetemesha mwanga. Ndani ya pembetatu kubwa za daraja la kwanza zikajazwa za daraja la pili, la tatu na la nne, hadi alama ziwe karibu na mashamba na miji.

Kanuni ya kazi hii ni kutoka kikubwa kwenda kidogo, na sababu yake ni kosa. Kila kipimo kina kosa. Anayeanza na kiwanja kimoja, akaunganisha cha pili, kisha cha tatu, hulimbikiza makosa yake bila kuyaona, na kiwanja cha mia hutokea barabarani. Anayeanza na pembetatu kubwa huyafungia makosa ndani ya mipaka yanayoweza kukaguliwa. Pembetatu yenyewe humwonya mpimaji: jumla ya pembe zake tatu lazima iwe digrii 180 pamoja na ziada ndogo inayoletwa na duara la dunia, kama sekunde moja ya digrii kwa kila kilomita za mraba 200. Jumla ikikataa, mtu amekosea, na hakuna cheo wala kiapo kinachoweza kuirekebisha. Makosa madogo yanayobaki hugawanywa kwa njia ya hesabu iliyochapishwa na Mfaransa Legendre mwaka 1805, ambayo hutafuta majibu yanayozisogeza pembe zote kidogo iwezekanavyo hadi zote zikubaliane. Mwisho wa hesabu hiyo karibu hakuna pembe iliyobaki kama ilivyosomwa. Zote zimeachia kitu kidogo kwa ajili ya nyingine.

Hapo ndipo wanafalsafa wawili waliobishana kwa muda mrefu hukutana. Wa kwanza, aliyemfuata Descartes, hushikilia kuwa elimu ni nyumba: chini kuna msingi usiotikisika, na yote mengine yamejengwa juu yake. Wa pili hushikilia kuwa hakuna msingi kama huo; kauli huwa za kuaminika kwa sababu zinashikamana na kupimana zenyewe kwa zenyewe. Mtandao wa upimaji unampa kila mmoja nusu ya haki. Bila kushikamana, hakuna njia ya kugundua kosa. Lakini mtandao unaoshikamana kikamilifu unaweza kusogezwa wote mzima, magharibi au kusini, na usionyeshe hata dalili moja ya kuumia. Lazima basi nukta moja ipigiliwe. Na hapa liko jambo ambalo wengi hawalitarajii katika sayansi ya vipimo: nukta hiyo hupigiliwa kwa uamuzi. Hupimwa kwa nyota kadiri uwezo unavyoruhusu, kisha watu husema, kuanzia sasa hii ndiyo thamani yake, na haitabishaniwa tena.

Kwa Afrika Mashariki nukta hiyo iliwekwa mbali sana. David Gill, mwanaastronomia wa Kiskoti aliyeongoza kituo cha kuangalia nyota cha Rasi ya Tumaini Jema kuanzia 1879 hadi 1907, alipendekeza mnyororo mmoja wa pembetatu kutoka Cape hadi Cairo, ukifuata longitudo ya digrii 30 mashariki. Kazi iliwapita yeye na kizazi chake. Kipande cha Zambia ya leo kilipimwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kipande cha Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930, chini ya Martin Hotine. Pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Hesabu za upande wa Afrika Mashariki zikazaa datumu iitwayo Arc 1960, ambayo ramani za Kenya, Uganda na Tanzania zimeitegemea kwa miongo mingi. Umbo la dunia lililochaguliwa ni elipsoidi aliyoihesabu Alexander Ross Clarke mwaka 1880. Nukta iliyopigiliwa ni Buffelsfontein, karibu na mji wa pwani uliojulikana kama Port Elizabeth, Afrika Kusini, ambayo latitudo yake iliamuliwa kuwa digrii 33, dakika 59 na sekunde 32 kusini. Mkulima wa Mbeya mwenye ramani ya upimaji ya Arc 1960 ana mpaka unaoning'inia, hatua kwa hatua, kwenye nukta iliyo karibu kilomita 2,900 kutoka shambani kwake, katika nchi ambayo huenda asiikanyage maisha yake yote.

Satelaiti zilipokuja, ilionekana wazi uamuzi ule ulibeba nini. Mpimaji wa kale alijua wapi ni chini kwa kutazama timazi, na timazi huvutwa kidogo na milima na miamba mizito iliyo karibu. Sekunde moja ya digrii ikipotea namna hiyo ni kama mita 31 ardhini. Mfumo wa satelaiti haujali timazi ya mahali popote, kwa kuwa hupima kutoka kitovu cha uzito wa dunia nzima. Ikilinganishwa hivyo, elipsoidi ya Arc 1960 ina kitovu kilicho mbali na kitovu cha dunia kwa takriban mita 340. Matokeo yake ni kwamba bikoni ileile, ambayo haijaguswa na mtu, katika Afrika Mashariki hupata koordineti mbili zinazotofautiana kwa takriban mita 300, sehemu kubwa ikiwa ni ya kaskazini na kusini.

Je, Arc 1960 ilikuwa uongo? Mwaka 1715 na 1716 Leibniz aliandikiana barua na Samuel Clarke, mfuasi wa Newton (asichanganywe na Clarke wa elipsoidi, aliyezaliwa zaidi ya karne moja baadaye). Clarke alitetea kwamba nafasi ipo yenyewe, hata bila vitu, na kila kitu kina mahali pake pa kweli ndani yake. Leibniz alijibu kwamba mahali ni uhusiano wa vitu na vitu vingine. Kama Mungu angeuhamisha ulimwengu wote upande mmoja bila kubadilisha uhusiano wowote ndani yake, alihoji, hakuna ambacho kingekuwa kimebadilika, na Mungu hafanyi jambo lisilo na sababu. Nchi inapobadilisha datumu, hoja ya Leibniz hutendeka kwenye vitabu. Kila alama, kila kona ya shamba, kila kisima kinapewa namba mpya, mamia ya mita kutoka ile ya zamani, na hakuna jirani aliyepoteza hata nusu hatua. Arc 1960 haikusema uongo, kwa sababu haikuahidi kitovu cha dunia. Iliahidi kwamba kona hii na ile zina umbali huu kati yake, na ahadi hiyo, kwa mahitaji ya viwanja, imetimizwa vizuri.

Lakini hoja ya Leibniz ina sharti, na sharti hilo ni la haki kuliko la mantiki: kila kitu kihamishwe pamoja. Ikihamishwa nusu ya hati na nusu ibaki, tofauti ya vitabuni inakuwa tofauti ya ardhini. Mnunuzi anayechukua koordineti kutoka ramani ya zamani na kuzitafuta kwa simu inayosoma mfumo wa satelaiti, bila kubadilisha datumu, atasimama mita 300 kutoka kiwanja chake. Mahali ambapo viwanja ni vya mita 20 kwa 20, hapo ni safari ya viwanja 15. Simu haikukosea, ramani haikukosea. Aliyekosea ni yule aliyezisoma kana kwamba ni maneno ya mtu mmoja. Dhuluma nyingi za vipimo ni za aina hii. Hazihitaji mtu mbaya.

Namba isiyo na mtandao ni hatari zaidi, na historia ya Maziwa Makuu inalionyesha jambo hili wazi kuliko kitabu chochote cha falsafa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba mpaka wao magharibi mwa Ziwa Victoria ufuate latitudo ya digrii 1 kusini hadi kwenye mpaka wa Kongo, isipokuwa kama mlima uitwao Mfumbiro ungekutwa kusini mwa mstari huo, ambapo mstari uuzunguke na kuuacha upande wa Waingereza. Waliotia saini hawakujua mlima huo uko wapi. Mpaka wa Kongo nao ulikuwa umeandikwa kwa longitudo ya digrii 30 mashariki, na longitudo wakati huo ilikuwa taabu tupu. Latitudo husomwa kwenye nyota, lakini longitudo huhitaji saa sahihi: saa ikikosea dakika moja ya muda, mpimaji aliye karibu na ikweta hupotea kama kilomita 28. Tume ya mpaka ya Uganda na Kongo ilipopima kwa uangalifu mwaka 1907 na 1908, longitudo ya 30 ilikutwa mahali tofauti na ramani zilipokuwa zimeichora. Mwaka 1910 wakuu wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walikutana Brussels na katika eneo la milima ya Virunga wakaacha mistari ya namba, wakachukua vilele na mito. Watu waliokuwa wakiishi hapo, ambao walijua vilele hivyo kwa majina, hawakuulizwa. Kasoro ya mipaka hiyo huelezwa kwa kawaida kuwa ni ukatili wa mstari ulionyooka, na ni kweli. Ila kulikuwa na kasoro nyingine ya kimantiki kabla ya hapo. Namba ilitolewa kama ujuzi wakati hapakuwa na njia yoyote ya kuikagua ardhini. Sehemu ya mstari wa digrii 1 ilibaki kuwa mpaka wa Tanzania na Uganda, ukipita kaskazini mwa mto Kagera, na mwishoni mwa 1978 Idi Amin alipovamia alitangaza kuwa mpaka wake ni mto. Vita vilivyofuata vilipiganwa, pamoja na mengine, juu ya swali la kama mpaka ni namba iliyokubaliwa au ni kitu kinachoonekana.

Usahihi kiasi gani unatosha? Dini imelijadili swali hili kwa undani usiotarajiwa. Mwislamu anatakiwa kuelekea Kaaba, na wanazuoni walitofautiana kama aliye mbali anawajibika kuielekea Kaaba yenyewe au upande wake tu. Madhehebu ya Shafi, yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, yana msimamo mkali zaidi, lakini nayo yanampa aliye mbali jitihada na dhana yenye nguvu badala ya yakini ya macho. Kwa ajili ya kibla, al-Biruni alikamilisha mwaka 1025 kitabu kizima cha kutafuta nafasi ya mji wa Ghazna kwa kupima miji iliyo njiani, mmoja baada ya mwingine. Na karne mbili kabla yake khalifa al-Ma'mun alituma wapimaji kwenye nyanda za Sinjar kupima urefu wa digrii moja ya dunia. Hesabu yao ilikuwa jiodesia kamili, yaani elimu ya kupima dunia. Sasa chukua Zanzibar, iliyo kilomita zipatazo 3,060 kusini mwa Makka, karibu kabisa na longitudo ileile, hata kibla yake inaelekea kaskazini kwa zaidi kidogo ya digrii moja upande wa mashariki. Zile mita 300 zinazotenganisha Arc 1960 na satelaiti zinaubadilisha upande huo kwa chini ya sehemu moja ya mia ya digrii. Kosa linalotosha kumnyang'anya mtu nyumba haligusi sala yake. Usahihi unadaiwa na wajibu uliopo, na mpimaji anayetoa sentimita pale panapotakiwa mita amepoteza mali, kama vile anayetoa mita panapotakiwa sentimita amepoteza haki ya mtu.

Hadi hapa ardhi yenyewe imedhaniwa kuwa imetulia. Haikutulia. Ikipimwa kutoka kitovu cha dunia, Afrika Mashariki inasafiri kuelekea kaskazini-mashariki kwa sentimita 2 hadi 3 kila mwaka. Katika miaka 50 kila bikoni ya Nairobi na Dodoma imesogea zaidi ya mita moja, pamoja na majirani zake wote. Juu ya hayo, Bonde la Ufa linapanuka kwa milimita chache kwa mwaka, upande wa Somalia ukiuacha polepole upande wa Kongo. Mara nyingine halisubiri. Mwezi Septemba 2005, katika eneo la Afar nchini Ethiopia, magma ilipenya kwenye ufa wenye urefu wa kilomita 60 na ardhi ikafunguka hadi mita 8 kwa muda mfupi. Mwaka 2007 mfululizo wa matetemeko karibu na mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, ulipasua na kushusha ardhi pia. Kwa sababu hii datumu za kisasa huandikwa na tarehe. Mfumo mpya wa Tanzania, TAREF11, una mwaka ndani ya jina lake, nao umefungwa kwenye mfumo wa kimataifa unaohuishwa kila baada ya miaka kadhaa kutokana na vituo vinavyopokea mawimbi ya satelaiti usiku na mchana. Kimoja cha vituo hivyo kiko Malindi. Australia, inayosafiri kwa kama sentimita 7 kwa mwaka, ilibadilisha datumu yake ya 1994 kuwa ya 2020, na namba zikasogea karibu mita 1.8.

Swali la mwanzo linarudi likiwa gumu zaidi. Ardhi ikisogea, mpaka unabaki na namba au unakwenda na udongo? New Zealand ililazimika kujibu. Matetemeko ya Canterbury ya 2010 na 2011 yalisogeza ardhi chini ya jiji la Christchurch, kwa viasi visivyo sawa kutoka mtaa hadi mtaa, na namba za vitabuni zikaacha kulingana na ua na kuta. Mwaka 2016 bunge lilipitisha sheria maalumu iliyotamka kwamba mipaka imesogea pamoja na ardhi, isipokuwa pale ambapo udongo uliporomoka. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na sababu yake inafaa kuelezwa zaidi kuliko sheria yenyewe ilivyoeleza. Mtu hakununua namba. Alinunua ardhi ile, kati ya majirani wale, na makubaliano yao yalifanyika juu ya udongo. Kwa msingi huohuo, katika nchi nyingi bikoni ya asili ambayo haijaguswa ina nguvu kuliko koordineti zilizoandikwa baadaye kuihusu: namba ilikuja kueleza tendo lililokwisha kufanyika.

Mpaka, basi, ni tendo la watu: makubaliano au hukumu iliyofanywa siku fulani juu ya ardhi fulani. Jiwe na namba ni mashahidi wake, na kila mmoja ana udhaifu ambao mwenzake hana. Jiwe lilikuwepo siku ile lakini linaweza kuhamishwa. Namba haihamishwi kwa jembe, lakini inaweza kusomwa katika datumu isiyo yake. Kenya imeishi na aina mbili za mpaka kisheria, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inazitambua zote: mpaka wa jumla, unaotegemea ua, njia au mto na ambao ramani yake ni ya makadirio tu, na mpaka uliopimwa na kuthibitishwa. Aina ya kwanza hudharauliwa na baadhi ya wataalamu, bila haki. Majirani wanaojuana na ua uliokomaa ni ushahidi mzuri. Unapungua nguvu pale majirani wanapobadilika upesi, ardhi inapouzwa kwa wageni na ua kukatwa kabla ya kuuliza, na huko ndiko miji inakoelekea.

Kinachowafanya mashahidi hawa wahojike ni mtandao wa msingi, ambao hauna mmiliki binafsi na hauonekani kumfaidi mtu yeyote. Nguzo iliyo kileleni haimpi mwanakijiji maji wala barabara. Nyingine zimevunjwa kwa ajili ya chuma chake, nyingine zimechimbuliwa na wanaoamini kuwa wakoloni walizika mali chini yake. Ikivunjwa moja hakuna anayelia siku hiyo; hasara hujitokeza miaka 20 baadaye, katika shauri la watu wasiojua kwamba nguzo hiyo ilikuwepo. Umoja wa Mataifa ulitambua uzito wa jambo hili mwezi Februari 2015, Baraza Kuu lilipopitisha azimio la kuzitaka nchi zishirikiane katika mfumo mmoja wa kijiodesia wa dunia na kubadilishana takwimu zake kwa uwazi. Azimio halitunzi nguzo. Nguzo hutunzwa na halmashauri inayojua ziko wapi katika eneo lake, na kijiji kilichoelezwa ni za nini.

Kwa anayenunua ardhi, jukumu ni dogo zaidi na linatimizika leo. Ramani ya upimaji inayotoa koordineti bila kutaja datumu yake, na katika mifumo mipya bila kutaja mwaka wake, haijakamilika, hata ikiwa na mhuri. Mnunuzi ana haki ya kumwomba mpima ardhi aandike hayo kabla fedha hazijalipwa, na mpima ardhi hana sababu ya kukataa.